Kwa Nini Nilichoma Makopo Yako ya Maua

Mwanangu Kabula,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya reli, nami nimejifungia chumbani mchana kweupe kama mtu aliyeiba. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya ile sare mpya, ili uipate ukiwa umekwisha fika Tabora, mahali ambapo huwezi kugeuka na kunitazama usoni. Huo nao ni woga. Nitakayokuandikia yote ni habari ya woga, basi afadhali nianze kwa kuukiri huu wa leo.

Sitakwambia habari za sabuni, wala kuamka mapema, wala kutunza akiba. Mama yako ameyasema hayo mara tatu na wewe umeitikia mara tatu. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza msimu wa mvua uliopita, siku nilipokuta lile shina la madoa dirishani.

Ulikuwa na makopo tisa siku ile. Ulikuwa umeyapanga ukutani penye kivuli, na mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha kuyatoboa chini kwa msumari ili maji yasisimame. Udongo nao tuliuchanganya pamoja: mweusi wa mbugani kiganja kimoja, mchanga wa mtoni viganja viwili, samadi iliyokaa hadi ikaacha kunuka. Nilikuwa nikirudi kazini nakukuta umechutama mbele yao, unatia kidole kwenye udongo kujua kama una kiu, na moyo wangu ulikuwa unacheka. Kisha rafiki yako wa shule akakupa kipande cha shina nene, lenye majani mapana ya kijani yaliyomwagiwa madoa meupe kama matone ya maziwa. Ukalipanda kwenye kopo la kumi, ukaliweka dirishani. Chini ya dirisha lile mtoto wa kaka yako alikuwa anatambaa.

Unakumbuka nilichofanya. Nilibeba makopo yote kumi, yenye hatia na yasiyo na hatia, nikayamwaga kwenye shimo la takataka, nikayamiminia mafuta ya taa. Majani mabichi hayakutaka kuwaka. Yalitoa moshi hadi majirani wakatoka nje. Nawe ulisimama pale na mikono kichwani, ukasema, "Baba, maua haya yamekukosea nini?"

Nilikujibu, "Nyamaza." Hukusema nami siku nne. Ulikuwa na haki.

Sasa nisikilize.

Kabla hujazaliwa, nilikuwa boi wa shamba, mtunza bustani, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Vita vya Wazungu vilikuwa vimeanza karibuni. Nilimtumikia injinia mmoja na mkewe, na kazi yangu kubwa haikuwa nje bali barazani na ndani, kwenye vyungu vya mama yule. Alikuwa na vyungu zaidi ya thelathini. Alivipenda kama wengine wanavyopenda watoto, na nadhani ni kwa sababu watoto wake walikuwa mbali, ng'ambo. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mmea wa ndani huuliwa na wema kuliko ukatili: watu huumwagilia kila siku kwa kuogopa usife, na mizizi inaoza kimya kimya wakati majani bado yanapendeza. Alinifundisha kufuta vumbi la mgodi kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu, jani moja moja, juu na chini. Mimi mwana wa wafugaji nilicheka moyoni siku za kwanza. Baadaye nikawa nafuta nikiimba.

Katika vyungu vyote, kimoja kilinishinda kwa uzuri. Ndicho kile cha madoa. Kilisimama pembeni mwa baraza kirefu kama mtu, kila jani likiwa na madoa yake, hakuna mawili yaliyofanana. Mama yule alinionya siku ya kwanza kabisa. Alishika shina lake akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wewe angalia hapa. Hii mbaya sana. Maji yake hapana ingia mdomo. Ulimi nakuwa kubwa, sauti napotea. Kama naingia, osha na maji baridi, maziwa baridi, upesi." Nikasema, "Ndiyo, memsahibu." Nilielewa vizuri. Nataka ujue hilo kwanza kabla ya mengine. Sikuwa mjinga. Nilielewa.

Tulikuwa tunakaa kwenye laini za wafanyakazi, chumba kimoja cha bati. Mama yako alikuwa mgeni kule, amezoea nyumba ya nyasi iliyo baridi na ua mpana wa baba yake, na bati lile lilimchoma mchana kutwa. Alikuwa na mimba yako. Kaka yako Masanja alikuwa na miaka miwili, anagusa kila kitu, anaonja kila kitu. Nilitaka chumba kile kipendeze. Nilitaka, nikikwambia kweli tupu, mama yako aingie siku moja aseme, "Kumbe nimeolewa na mtu." Basi injinia na mkewe waliposafiri wiki moja kwenda Mwanza, nikakata kipande cha shina lile kwa kisu, nikakifunga kwenye shati langu, nikakileta nyumbani. Nikakipanda kwenye kopo la samli, nikakiweka juu ya sanduku, pale mwanga wa mlangoni unapofika bila jua kali.

Mama yako alipiga makofi. "Ua gani hili? Limetoka wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini ningesema "lina sumu," angeuliza nani kaniambia, na ningesema nimekata kwa mzungu bila ruhusa, naye angeogopa angeniambia nilirudishe. Wenzangu wawili walikuwa wamefukuzwa mwezi ule kwa makosa madogo kuliko hilo, na aliyefukuzwa kazi alinyang'anywa na chumba. Kwa hiyo nikasema, "Limeota tu kule shambani. Usilikate, liache liwe refu." Nikajiambia sanduku ni refu, mtoto hafiki.

Alifika siku ya tano.

Nilikuwa nimerudi kula mchana. Nilisikia kilio kabla sijaingia, kisha kilio kikakatika, na kukatika kwake kukanitisha kuliko kilio chenyewe. Masanja alikuwa ameketi sakafuni, mate yanamtoka kama maji, midomo imevimba, ulimi umejaa kinywani hata haufungi. Alikuwa anafungua mdomo kulia na sauti haitoki. Mama yako alikuwa amemshika mabega akimtikisa, "Masanja! Masanja! Una nini?" Nami nikaona kando ya sanduku kipande cha jani chenye alama za meno madogo.

Mwanangu, mikono yangu ilifanya haraka kuliko akili. Kabla sijamgusa mtoto, niliokota lile jani. Nikaliweka mfukoni. Kisha ndipo nikambeba.

Miaka yote hii nimejiuliza ni baba wa namna gani anayeokota jani kwanza.

Nilipotoka mbio na mtoto nilimwacha mama yako atufuate nyuma, na nikiwa njiani nililitupa jani kwenye mtaro. Kopo nililitoa jioni ile ile, nikaenda kulizika mbali, na mama yako kwa vile alivyochanganyikiwa hata hakuuliza lilikwenda wapi. Zahanatini dresa, yule msaidizi wa daktari, alimtazama mtoto mdomoni, akaniuliza, "Amekula nini?"

Nikasema, "Sijui."

"Fikiri vizuri. Majani? Dawa? Amegusa chupa yoyote?"

"Sijui, bwana dresa. Nilikuwa kazini."

Alinitazama kidogo, akaandika. Akasema kuna ugonjwa wa koo unaofanana na huo, akatupa dawa isiyohusika, akasema tumlete tena asubuhi.

Sasa namleta mtu ambaye umesikia habari zake tangu utoto lakini hukupata kujua jina lake. Aliitwa Nyamizi. Alikuwa mjane, anakaa kibanda cha nyasi nyuma ya laini, anauza viazi na matobolwa, vile vipande vya viazi vilivyochemshwa na kuanikwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuchemshia, na kwetu macho mekundu ya ajuza husemwa ni ya mchawi. Alikuwa na tabia ya kumpa Masanja kipande kila akipita, na asubuhi ya siku ile alimpa pia. Mama yako alilikumbuka hilo tuliporudi kutoka zahanati. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, akaangalia upande wa kile kibanda, akapiga yowe. Unajua yowe la kwetu linavyoita watu. Walikuja kutoka laini zote.

Sikumzuia. Nilifikiri watapiga kelele watatawanyika. Hawakutawanyika. Kesho yake mtoto alikuwa na hali mbaya zaidi, hawezi kumeza hata mate, na mama yako alikuwa amekwenda kumtafuta mganga. Walikuja vijana na wazee, wakanitoa chumbani, wakanipeleka hadi kwa Nyamizi. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, kitambaa mikononi. Mmoja akanipa kijinga cha moto. Akasema, "Wewe ndiye baba wa mtoto. Anza wewe."

Nyamizi alinitazama. Akasema, "Baba Masanja, mimi nimpe mtoto wako kitu kibaya? Wewe unanijua."

Nilikuwa namjua. Nilikuwa najua kila kitu. Ningesema maneno matatu tu: ni ua langu. Kijinga kilikuwa kinanichoma vidole, na watu walikuwa nyuma yangu wanapumua, na nikaona wakinigeukia mimi, na nikaona barua ya kufukuzwa, na nikamwona mama yako na tumbo lake barabarani. Nikasema, "Msimchome. Aondoke tu. Ondoka, mayu, mama yangu. Ondoka upesi."

Basi kwa kusema vile nilikubali mbele ya wote kuwa ndiye mchawi. Alifunga chungu chake na ngozi ya kulalia, akaondoka akielekea magharibi, na kibanda wakakichoma nyuma yake. Na watu, mwanangu, walinisifu. Walisema baba Masanja ana huruma, mwingine asingemwacha hai.

Mtoto nilikuwa nimeanza kumwosha mdomo kwa siri kila mama yako alipotoka, kwa maji ya mtungini na maziwa, kama nilivyoambiwa. Nilikuwa nimechelewa lakini haikuwa bure. Siku ya tatu uvimbe ulianza kushuka. Siku ya nne akalia kwa sauti, sauti nzuri ya mtoto mwenye njaa. Mganga alikuwa amekwisha fika, akapewa mbuzi. Na laini nzima ikasema, "Mmeona? Mchawi ameondoka, mtoto amepona."

Mke wa injinia aliporudi aligundua shina lililokatwa. "Nani kata hii?" Nikasema, "Panya, memsahibu." Aliamini au hakuamini, sijui. Niliendelea kulifuta vumbi lile ua mwaka mzima, jani moja moja, juu na chini, na sikuimba tena. Ulipozaliwa na mvua kubwa tukakuita Kabula, nikaomba ruhusa tukahamia huku Shinyanga. Mama yako alidhani nawakimbiza wachawi.

Ndiyo maana kaka yako mpaka leo hapokei kitu mkononi mwa mwanamke mzee. Ndiyo maana nawe ulilelewa hivyo. Mlikuzwa kwa hadithi ambayo mimi ndiye niliyeitunga kwa kukaa kimya.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya siku ile ya makopo, mwajiri wangu alinituma Ushetu, kule mbele ya Kahama, kusimamia mzigo wa tumbaku aliokuwa amenunua. Nikaingia kwenye ua mmoja, wanawake wamekaa wanatunga majani ya tumbaku kwenye kamba. Mmoja, mzee kuliko wote, aliinua uso akanitazama kwa muda.

"Wewe si baba Masanja?"

Nikasema, "Ndimi, mayu. Shikamoo."

"Marahaba." Akaweka kamba chini. "Yule mtoto alipona?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Nikamwambia alipona, sasa ni mtu mzima, ana mtoto wake. Alifumba macho. Akasema, "Kila aliyetoka Geita nilimuuliza. Hakuna aliyejua." Kisha akainamisha kichwa karibu nami ili wenzake wasisikie, akasema, "Nimefikiri sana. Labda kweli ni kile kipande changu cha tobolwa. Labda nilikianika mahali pabaya, kikapitiwa na kitu. Tangu siku ile sijampa mtoto wa mtu chakula."

Kabula, alikuwa ameishi miaka kumi na saba akijishuku mwenyewe. Nami nilisimama mbele yake na jibu kinywani, na ulimi wangu ukawa mkubwa, ukanijaa. Nikasema lori linaningoja. Nikaaga.

Nilirudi na hofu ambayo sikuijua hata siku ya kile kijinga cha moto. Ndipo ukaleta lile shina.

Umeona nyumba imekuwa kimya siku mbili hizi, na ukadhani ni majonzi ya kukuaga. Si hayo. Juzi mlikuwa mnakunja nguo, na mama yako akakwambia, "Huko ugenini usipokee chakula cha bibi kizee yeyote. Kaka yako nusura afe." Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilichungulia nikakuona unaitikia kwa kichwa, wewe unayekwenda kusomea unesi. Nikawaza mlangoni mwa wodi ataletwa mtoto amevimba mdomo, na baba atasema sijui, na nje watu watakuwa wamekwisha mchagua ajuza wao, na wewe utakuwa umekwisha fundishwa kuwaamini. Ulipokwenda kisimani nikamwambia mama yako yote.

Aliketi juu ya kinu. Akasema, "Mimi ndiye niliyepiga yowe."

Nikasema, "Hukujua."

"Wewe ulijua. Ulisimama pale ukaniacha nipige."

Hajanipakulia chakula tangu hapo. Umenipakulia wewe, hukujua kwa nini.

Makopo matatu uliyoanzisha upya nimeyafunga vizuri kwenye kikapu. Kangaga itateseka na kiangazi cha kule. Iweke ndani kabisa, karibu na mtungi, na usiihamishe hamishe. Shubiri haina neno, itakusamehe ukiisahau. Ule wenye majani membamba ya mistari, unaoshusha watoto wake kwenye nyuzi, wagawie wenzako wa bwenini kwa furaha. Watakupa na wao ya kwao, na utapenda jani kwa sura yake kama nilivyopenda mimi; hakuna mtu asiyevutwa na uzuri. Uliza tu kwanza, utomvu wake ukoje, na katika nyumba hii nani anatambaa. Na ukiambiwa, waambie wenzako siku hiyo hiyo, hata kama habari yenyewe itakuaibisha. Mimi niliogopa aibu ya siku moja.

Sikuombi unisamehe. Bado hujanikasirikia, soma tena, ukasirike kwanza. Kaka yako naye nitamwambia mwenyewe, usimwandikie. Naogopa uso wake pia.

Leo asubuhi, wakati unaoga, mama yako alisimama mlangoni nyuma yangu. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha. Aliuliza, "Ushetu ni mwendo wa siku ngapi kwa lori?"

Nikamwambia siku moja, mvua ikinyesha siku mbili. Nikamwambia Nyamizi anakaa kwa wapwa zake, vijana wenye nguvu, na sijui watatufanya nini wakisikia. Nikamwambia nitakwenda peke yangu.

Akasema, "Sauti iliyomfukuza ilikuwa yangu." Akaingia ndani.

Ukifika mahali hapa utakuwa umekwisha kuona mambo ambayo sasa hivi huyajui: kwamba asubuhi ya safari yako, mlangoni petu, palikuwa na mizigo miwili imefungwa, na ule wa pili haukuwa wako. Tutakupandisha gari moshi, tutakupungia mpaka behewa la mwisho lipotee. Kisha mama yako na mimi tutavuka barabara, twende kulisubiri lori la Kahama.

Ni mimi baba yako, ninayeogopa na ninayekupenda,

Maduhu